Mitandao ya kuuza upya tiketi za tamasha: ipi inafaa, ipi inakulangua

Mauzo yamefunguliwa saa nne kamili. Saa nne na robo skrini inasema tiketi zimekwisha. Ukitafuta jina la msanii kwenye Google, tokeo la kwanza kabisa ni tangazo la kulipiwa la mtandao mwingine wenye viti vilevile, safu zilezile, kwa bei mara tatu. Mtandao huo haukununua tiketi hata moja. Umempangisha mlanguzi kibanda tu, naye ndiye anayekuuzia.

Tathmini hii inahusu vibanda hivyo: StubHub, viagogo, SeatGeek, sehemu ya kuuza upya ya Ticketmaster, TicketSwap na Twickets, pamoja na DICE, ambayo haimo katika biashara hii ila inasaidia kuona kinachowezekana. Tumevipima kwa maswali mawili. Tiketi inahamaje kutoka kwa muuzaji hadi kwako, yaani msimbo wake wa zamani, ile alama inayoskaniwa mlangoni, unakufa au unabaki hai? Na bei ina dari, kikomo ambacho muuzaji haruhusiwi kukivuka? Ramani nzuri ya viti, programu nyepesi ya simu na nyota za wanunuzi waliopita vinakuja nyuma sana ya hayo mawili.

Tiketi zilikwenda wapi

Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York ililichunguza soko hili na kutoa ripoti Januari 2016. Katika matamasha makubwa iliyoyakagua, kwa wastani asilimia 54 ya tiketi hazikufika kwenye mauzo ya wazi. Asilimia 38 ziliuzwa mapema kwa makundi maalumu, kama wenye kadi za benki fulani au wanachama wa klabu za mashabiki, na asilimia 16 ziliwekwa kando kwa ajili ya wasanii, ukumbi, mapromota na watu wao. Kwa wastani huo, ukumbi wa watu 20,000 unaotangaza mauzo una viti kama 9,200 vya kugombewa na umma. Msemo wa "zimeisha ndani ya dakika kumi" unaficha ukweli kwamba zaidi ya nusu zilikuwa zimeondoka kabla saa haijaanza kuhesabu.

Hicho kilichobaki ndicho kinachovamiwa na programu roboti. Ripoti hiyohiyo inataja tamasha la U2 la Madison Square Garden ambapo roboti moja ilinunua tiketi 1,012 ndani ya dakika moja, ilhali kikomo cha kila mnunuzi kilikuwa tiketi nne. Hakuna uchawi hapo. Mlanguzi ana akaunti mamia zenye barua pepe tofauti, kadi zenye namba tofauti, na anwani za intaneti za kukodi zinazofanya kila ombi lionekane limetoka nyumba nyingine. Yale mafumbo ya picha ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu hutatuliwa na programu, au hutumwa kwa watu wanaolipwa senti kwa kila fumbo. Wapo pia wanaotumia roboti kwa kazi ya kimyakimya zaidi: inakalia tiketi kikapuni mpaka muda uishe, inaziachia, inazidaka tena. Shabiki anaona hakuna kitu, huku mlanguzi akipima kwanza kama kuna mteja kabla hajatoa hela yake.

Marekani ilipiga marufuku programu hizo kwa sheria ya BOTS, iliyosainiwa Desemba 2016. Kesi za kwanza chini ya sheria hiyo zilifunguliwa Januari 2021. Katika miaka hiyo minne walanguzi hawakukosa usingizi.

Tahadhari moja kabla ya kulaumu kibanda: si kila bei iliyoruka imepitia kwa mlanguzi. Mashabiki wa bendi ya Oasis mwaka 2024 waliokaa foleni kwa saa nyingi walikuta tiketi ya kusimama imetoka takriban pauni 150 hadi zaidi ya 350, na aliyekuwa akiwauzia ni Ticketmaster, muuzaji wa kwanza. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilipochunguza haikuona ushahidi wa programu inayopandisha bei dakika kwa dakika. Iliona kwamba tiketi ziligawanywa katika bei mbili, za chini zilipokwisha zikaachiwa za juu, na walio foleni hawakuelezwa. Iliona pia tiketi zilizoitwa "Platinum" zikiuzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida bila nyongeza yoyote, kiti kilekile eneo lilelile. Kwa hiyo soma lebo. "Platinum" na majina ya aina hiyo ni muuzaji wa kwanza aliyeiga mlanguzi. Tiketi ya kuuzwa upya huwa na lebo yake au rangi yake kwenye ramani, na usipoona lebo yoyote wala jina la mwandaaji, chukulia kwamba uko kibandani.

Hesabu ya ada, maana ndiyo inayoeleza tabia yao

Chukua tiketi ya dola 100. Mlanguzi anaiweka kwa 250. Tuseme ada ya mnunuzi ni asilimia 30: unalipa 325. Tuseme ada ya muuzaji ni asilimia 15: anapokea 212.50. Dola 112.50 zimebaki kwa mtandao, ambao haukumiliki kiti kile hata kwa sekunde moja. Umepata zaidi ya bei ya awali ya tiketi yenyewe. Na asilimia 30 haikutungwa kwa chuki: ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilipopima mwaka 2018 ilikuta ada kwenye kuuza upya zina wastani wa asilimia 31 ya bei iliyotangazwa. Kwa wauzaji wa kwanza ilikuwa asilimia 27, nao si malaika.

Ada ikiwa asilimia, bei ikipanda mara mbili mapato ya mtandao nayo yanapanda mara mbili kwa kazi ileile. Usitegemee kibanda cha namna hiyo kikuwekee dari kwa hiari yake.

Tangu Mei 12, 2025 kanuni za Marekani zinataka bei nzima ya tiketi, ada za lazima zikiwemo, ionekane tangu mwanzo. Kwingineko bado unaweza kukutana na bei inayonenepa kila unapobofya. Tafuta kitufe cha kuonyesha bei pamoja na ada, kiwashe, ndipo ulinganishe mtandao na mtandao. Angalia pia sarafu: ukilipa kwa sarafu isiyo ya kadi yako, benki itaongeza makato yake, na kama mtandao wenyewe unajitolea kukubadilishia sarafu kwenye ukurasa wa malipo, mara nyingi kiwango chake ni kibaya kuliko cha benki. Kataa, lipa kwa sarafu ya tamasha.

StubHub na viagogo

Tunaziweka pamoja kwa sababu ni nyumba moja. StubHub ilianzishwa San Francisco mwaka 2000. Eric Baker, mmoja wa waanzilishi wawili, aliondoka akaanzisha viagogo London mwaka 2006, kisha viagogo ikainunua StubHub kutoka eBay kwa dola bilioni 4.05, ununuzi uliokamilika Februari 2020. Ipo kona moja inayowapita wengi. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliilazimisha kampuni hiyo iuze biashara ya StubHub ya nje ya Amerika ya Kaskazini, nayo ikauzwa kwa wengine mwaka 2021. Jina ni moja, wenye nalo ni wawili. Dhamana uliyoisoma kwenye ukurasa wa nchi moja huenda si ya kampuni unayofunga nayo mkataba, kwa hiyo shuka chini kabisa ya ukurasa usome jina la kampuni na nchi iliposajiliwa.

Sifa yao ni wingi. Tamasha lililokwisha kila mahali, hapo utakuta viti, mara nyingi mamia. Ukitaka viti vinne vya pamoja siku moja kabla ya onyesho kubwa, kwingine utahangaika. Bei haina dari pale ambapo sheria ya nchi haijaiweka.

Udhaifu wao uko kwenye neno "dhamana". Dhamana hiyo inasema tiketi isipofika au isipofanya kazi watakutafutia nyingine inayolingana, au watakurudishia fedha. Anayechagua kati ya hayo mawili ni wao. Anayeamua nini "kinalingana" ni wao. Fedha inayorudi ni ya tiketi na ada zake. Nauli, hoteli na siku ya likizo uliyoomba ni juu yako. Unanunua bima ya fedha, na kuingia ukumbini kunabaki suala la bahati na uaminifu wa mtu usiyemwona. Mwaka 2020, matamasha yalipofutwa kwa wingi, StubHub iliacha kurudisha fedha taslimu na kutoa vocha za kununulia humohumo zenye thamani ya asilimia 120 ya malipo. Ilirudi kwenye fedha baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa mwaka 2021. Yaani hata dhamana iliyoandikwa vizuri huyumba siku ambayo kila mtu anaihitaji kwa pamoja.

Viagogo ina rekodi nzito zaidi. Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliikuta na hatia ya kupotosha wanunuzi: ilijitangaza kama tovuti "rasmi", ilificha ada hadi mwishoni, na ilitisha kwamba tiketi zilikuwa karibu kuisha ilhali ilikuwa ikihesabu zile zilizo kwenye ukurasa wake peke yake. Faini ilikuwa dola za Australia milioni 7, mwaka 2020. Google iliwahi kuzuia matangazo yake Julai 2019 na kuyarudisha miezi michache baadaye. Ukiona kwenye mtandao wowote maandishi mekundu ya "zimebaki 3" na saa inayorudi nyuma, kumbuka hesabu hiyo ni ya kibandani. Fungua dirisha la pili, angalia kwa mwandaaji.

StubHub tunaipa 5 kati ya 10, viagogo 3.

SeatGeek

Ilianza mwaka 2009 kama chombo cha kulinganisha bei za mitandao mingine, na asili hiyo bado inaonekana: kila kiti kinapewa alama kwa kulinganisha bei yake na mahali kilipo. Alama hiyo inasaidia kuona kwamba kiti cha safu ya 12 pembeni kimezidishwa bei kuliko cha safu ya 15 katikati. Haisemi lolote juu ya bei ya awali, kwa hiyo alama nzuri ina maana ya "si ghali kama wenzake walio ghali sana". 5 kati ya 10.

Ticketmaster, sehemu ya kuuza upya

Hapa swali la kwanza linajibiwa vizuri kuliko popote. Tiketi inapouzwa upya ndani ya mfumo uleule ulioitoa, msimbo wa muuzaji unafutwa na mpya unatolewa kwa jina la mnunuzi papo hapo. Hakuna PDF ya kunakiliwa. Tiketi zenye SafeTix, iliyoanza mwaka 2019, zina msimbo pau unaobadilika kila baada ya sekunde chache, ndiyo maana picha ya skrini aliyokutumia muuzaji wa mtandao wa kijamii haifai hata kufungia maandazi.

Swali la pili linajibiwa kulingana na nchi. Uingereza kampuni hiyo ilifunga mitandao yake miwili ya ulanguzi, Get Me In! na Seatwave, mwaka 2018 na kubaki na kuuzana kwa bei ya awali. Marekani muuzaji hujipangia bei isipokuwa msanii ameagiza kuuzana kwa bei ya awali peke yake. Na hata msanii akiagiza, sheria za majimbo ya New York, Illinois na Colorado zinalinda haki ya mnunuzi kuhamisha tiketi. Bendi ya The Cure ilikutana na ukuta huo mwaka 2023 ilipojaribu kuzuia tiketi za ziara yake nzima zisihamishike.

Tatizo ni maslahi. Mtandao unaouza mara ya kwanza na mara ya pili unakula ada mara mbili kwenye kiti kimoja. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki Ticketmaster na Live Nation, kampuni mama yake, Septemba 2025 ikidai kwamba ziliwaachia walanguzi kuvuka vikomo vya ununuzi huku zikichuma ada kila hatua. Hayo ni madai ya mashtaka. Ila hesabu ya ada tuliyofanya juu inatosha kuonyesha kishawishi kilipo.

Kwa usalama wa kuingia, 9. Kwa bei pale isipo na dari, 4.

TicketSwap na Twickets

Kama kuna mahali tungemtuma ndugu yetu, ni hapa. TicketSwap, ya Amsterdam tangu mwaka 2012, haimruhusu muuzaji kuzidisha zaidi ya asilimia 20 juu ya bei aliyonunulia. Dari hiyo peke yake inamfukuza mlanguzi, kwa sababu akishatoa ada hakibaki cha maana. Kitu cha kutafuta kwenye tangazo ni lebo ya SecureSwap. Maana yake kampuni iliyotoa tiketi imeunganishwa na mfumo, msimbo wa zamani umeuawa na wewe unapewa mpya kabisa. Tangazo lisilo na lebo hiyo ni PDF ya kawaida. Mtandao unaweza kuhakikisha msimbo huo haujauzwa mara mbili humo ndani, lakini hauwezi kujua kama muuzaji ameshamtumia binamu yake nakala kwa barua pepe. Mlangoni anayeskaniwa kwanza ndiye anayeingia. Tiketi mbili zikiwa bei moja, chukua yenye lebo, na hata ikizidi kidogo bado chukua hiyo.

Twickets, ya Uingereza, ni kali zaidi: bei ya awali au chini yake, nukta. Mnunuzi anaongezewa ada ya mtandao. Udhaifu wake ni stoo ndogo. Kwa tamasha linalowaniwa, tiketi hutokea moja moja na kuondoka ndani ya dakika. Inafanya kazi kwa aliyewasha arifa kwenye simu, aliyeweka kadi yake tayari kwenye akaunti, na aliye radhi kupokea kiti kimoja badala ya viwili. Anayetaka kuchagua safu atachoka.

TicketSwap 8, au 6 bila SecureSwap. Twickets 7.

DICE haiuzi upya kwa maana ya kawaida. Tiketi inakaa kwenye simu ya mnunuzi, na tamasha likijaa asiyeweza kwenda anairudisha, aliye kwenye orodha ya kusubiri anapewa kwa bei ileile. Tamasha la Glastonbury linakwenda mbali zaidi: unajisajili na picha yako, picha inachapwa kwenye tiketi, na tiketi zilizorudishwa zinauzwa na mwandaaji mwenyewe. Ulanguzi hapo hauna pa kushika. Usumbufu upo, kwa sababu ukiugua usiku wa kuamkia tamasha huwezi kumpa dada yako.

Tiketi hewa

Hii inastahili aya zake, kwa maana ndiyo inayowaumiza watu wengi kwenye mitandao isiyo na dari. Muuzaji anatangaza kiti asichokuwa nacho. Mpango wake ni kukuuzia leo kwa 300, kungoja bei ishuke hadi 180 wiki ya tamasha, anunue, akukabidhi, abaki na tofauti. Bei ikishuka hutajua kitu. Bei ikipanda hadi 500 anapiga hesabu: faini ya mtandao dhidi ya hasara ya kukutafutia tiketi. Mara nyingi faini inakuwa nafuu kwake, na wewe unapokea barua pepe ya pole zikiwa zimebaki saa sita onyesho lianze.

Dalili zake zinasomeka. Tangazo limewekwa kabla mauzo ya kwanza hayajafunguliwa. Hakuna namba ya kiti, pengine hata safu haipo, limeandikwa "eneo" peke yake. Muda wa kukabidhi ni "hadi siku ya tamasha" ilhali tiketi za kidijitali za onyesho hilo zimeshatolewa. Muuzaji mmoja ana makundi mengi ya viti viwili viwili vyenye maelezo yanayofanana. Nchini Marekani, jimbo la Maryland lilipiga marufuku tiketi hewa kuanzia Julai 2024 na Minnesota kuanzia Januari 2025. Uingereza sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ataje safu, kiti na bei ya awali, na bado matangazo yasiyotaja huonekana. Chuja kwa "zinapatikana papo hapo" pale kichujio kipo. Kinapunguza uchaguzi, lakini tiketi hewa nyingi huanguka hapo.

Ukiamua kununua

Anzia kwa mwandaaji na ukumbi, uandike anwani mwenyewe badala ya kubofya tokeo la kwanza. Rudi kwao tena siku chache kabla ya tamasha. Jukwaa likishajengwa, viti vilivyozuiwa kwa ajili ya kamera na spika huachiwa kwa bei ya awali bila tangazo kubwa, na vile vya wageni wa msanii visivyotumika hurudi sokoni hata siku yenyewe.

Kuhusu muda, bei za kuuza upya huwa juu sana saa chache baada ya tiketi kuisha, wakati hofu iko juu. Kwa matamasha mengi hulegea kadiri siku inavyokaribia, kwa sababu tiketi isiyouzwa hadi taa zikizimwa ni hasara tupu kwa mlanguzi. Msanii anapoongeza usiku wa pili, bei ya usiku wa kwanza huporomoka siku hiyohiyo. Mpango huu unafaa kwa anayeishi karibu na ukumbi. Aliyekata tiketi ya ndege asicheze kamari ya dakika za mwisho, maana kwa onyesho la kipekee bei inaweza kupaa hadi mlangoni.

Lipa kwa kadi. Uhamisho wa benki, pesa ya simu kwa mtu binafsi, au PayPal kwa njia ya kutumiana marafiki havina kinga ya mnunuzi, na muuzaji anayesisitiza njia hizo amekwisha kukueleza nia yake. Kadi inakupa nafasi ya kupinga malipo benki, mara nyingi ndani ya siku 120 tangu tarehe ya tamasha.

Tiketi ikihamishwa kwako kwenye programu ya simu, ipokee papo hapo. Kwenye Ticketmaster aliyetuma anaweza kufuta uhamisho maadamu hujaupokea, na huo ndio mchezo unaochezwa na wanaouza nje ya mtandao: anakutumia, anakuonyesha, unalipa, anafuta. Jua pia kwamba tiketi iliyonunuliwa kwa kadi ya wizi hufutwa na mwandaaji hata baada ya kufika kwako, kwa hiyo bei ya chini mno kutoka kwa mgeni ni sababu ya kukimbia. Na tamasha likifutwa, mwandaaji humrudishia fedha mnunuzi wa kwanza. Ukiwa umenunua kwa mtu binafsi, dai lako ni kwake. Likiahirishwa, mitandao mingi hairudishi chochote: tiketi inabaki halali kwa tarehe mpya, ukishindwa kwenda inabidi uiuze tena, ukikatwa ada ya muuzaji.

Kabla ya kulipa angalia masharti ya mwandaaji kuhusu jina kwenye tiketi. Kama ukumbi unakagua kitambulisho cha mnunuzi wa kwanza, tiketi ya kibandani haikufai hata ikiwa halisi. Sheria za nchi nazo hazifanani. Ireland tangu 2021 hairuhusu kuuza zaidi ya bei ya awali kwa matamasha na kumbi zilizoorodheshwa. Japani tangu Juni 2019 inaadhibu ulanguzi kwa kifungo cha hadi mwaka mmoja au faini ya hadi yeni milioni moja. Ufaransa inamtoza faini anayeuza tiketi kwa mazoea bila idhini ya mwandaaji. New South Wales, jimbo la Australia, imeweka dari ya asilimia 10 juu ya bei ya awali. Serikali ya Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba itapiga marufuku kuuza juu ya bei ya awali. Wapinzani wa dari husema walanguzi watahamia mitandao ya kijamii, na ni kweli kwamba wadanganyifu wako huko. Dari inapokwenda pamoja na kufuta msimbo na kutoa mpya, wa huko wanabaki bila cha kuuza. Dari bila hilo ni nusu kazi.

Tiketi ikikataa mlangoni

Usitoke foleni ukaenda kulia pembeni. Muulize mwenye mashine imeandika nini, kwa sababu majibu yanatofautiana: imeshatumika maana yake kuna nakala, imefutwa maana yake kuna kadi ya wizi au mwandaaji ameibatilisha, haipo maana yake ni feki au ni ya siku nyingine. Nenda dirisha la tiketi la ukumbi, omba wakuandikie kwa karatasi au barua pepe kwamba tiketi namba fulani ilikataliwa saa fulani. Piga picha ya tiketi kwenye simu ikionyesha saa. Wasiliana na mtandao ukiwa bado mlangoni, kwa gumzo au simu, na uhifadhi namba ya shauri; baadhi ya dhamana zinataka taarifa itolewe kabla onyesho halijaisha, na aliyesubiri kesho yake huambiwa amechelewa. Wakikupa vocha ya kununulia humohumo usibonyeze kukubali kama unataka fedha, kwa kuwa benki ikiona umekubali fidia italifunga dai lako.